Amri Ndogo Ndani ya Mti: Somo kwa Wapandaji wa Paini na Saipresi

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya matuta, mbolea ya boma na josho la ng'ombe. Mwezi huu nataka tuingie ndani ya mti wenyewe, mahali ambapo jembe halifiki, kwa sababu kuna swali linaloletwa ofisini mara kwa mara na halijibiki vizuri bila kuingia huko. Swali lenyewe ni hili: "Mimi na jirani yangu tulipanda saipresi wiki moja. Udongo ni mmoja, mvua ni moja. Yake imesimama, yangu inakauka matawi. Kwa nini?"

Watu wengi hujibu upesi: mbegu. Jibu hilo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ndiyo somo letu.

Kwanza tujue ni miti gani tunayoisema. Ni jamaa ya miti yenye koni: paini, saipresi, mtarakwa na jamaa zao. Mtarakwa ni mwenyeji wetu wa tangu zamani. Paini na saipresi ni wageni. Saipresi tunayoipanda kwa ua na kwa mbao asili yake ni Mexico na nchi za jirani, na paini aina ya patula pia ni ya Mexico. Ukipanda Vilima vya Iveti au Mua utaona jinsi wageni hawa walivyozoea penye ubaridi. Ukishuka kuelekea Yatta utaona kwamba huko hawakuzoea, na mtu wa Yatta anayelazimisha saipresi anajitafutia hasara. Yeye apande mukau, mti wa kwao, ambao mbao zake ni nzuri sana.

Sasa nitawaeleza habari ya paini nyingine, iitwayo radiata, ambayo asili yake ni pwani ya California. Paini hii ilipandwa sana katika nyanda za juu za Kenya kwa sababu ilikua upesi. Mwaka 1957 ugonjwa wa majani ulionekana katika paini za Tanganyika, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ulikuwa umeingia Kenya. Ni ugonjwa wa ukungu, nao huitwa Dothistroma. Jani la sindano hupata mikanda myekundu, ncha yake hukauka, kisha jani huanguka. Ugonjwa huanza matawi ya chini ukipanda juu, na matone ya mvua huutawanya kutoka tawi hadi tawi. Mti mchanga uliopoteza majani yake mengi hauwezi kukua, na mwingine hufa kabisa. Hasara ilikuwa kubwa hata upandaji wa radiata ukaachwa nchini, na patula, ambayo ugonjwa huo hauiwezi, ikachukua nafasi yake.

Lakini tazameni jambo moja ambalo wataalamu wa miti waliliona. Radiata changa zilishambuliwa vibaya. Zile zilizokwisha kufikia miaka 15 hivi zilisimama, ingawa ukungu ulikuwa ule ule. Fikirini vizuri. Mti uliokuwa mnyonge ukiwa na miaka 5 ulikuwa na nguvu ukiwa na miaka 15, na mbegu yake ni ile ile moja iliyotiwa ardhini. Mbegu haikubadilika. Basi ni nini kilichobadilika?

Hapo ndipo jibu la "mbegu" linapotushinda. Kila seli ya mti, yaani kila chembe hai ndogo ambayo mti umejengwa nayo, ina kitabu cha maagizo. Kitabu hicho huitwa DNA, nacho kimeandikwa kwa herufi nne tu, zikirudiwa kwa mpangilio mbalimbali. Kitabu cha seli ya jani na kitabu cha seli ya mzizi ni kimoja. Kitabu cha mti wa miaka 5 na cha mti wa miaka 15 ni kimoja. Kinachobadilika ni kurasa zipi zinasomwa na zipi zimefungwa.

Mimi ni karani, kwa hiyo nitatumia mfano wa ofisi. Kitabu kikuu hakitolewi nje. Kimefungiwa katika chumba cha ndani. Agizo likihitajiwa, nakala ya ukurasa mmoja huandikwa na kupelekwa kwa mafundi, nao hufanya kazi kama nakala inavyosema. Nakala hiyo huitwa RNA. Fundi hutengeneza protini, na protini ndizo zinazojenga ubao, utomvu, rangi ya jani na kinga ya ugonjwa. Kwa muda mrefu watu walidhani kwamba kazi ya RNA ni kupeleka habari na kuzisaidia kuwa protini, basi. Tarishi tu!

Lakini ziko RNA nyingine, ndogo mno, zenye herufi 21 hivi, nyingine 24. Hizi hazitengenezi kitu chochote. Ni kama vikaratasi vya amri vinavyosema: "Agizo namba fulani lisitekelezwe." Kikaratasi hukatwa kutoka katika uzi mrefu wa RNA na protini iliyo kama mkasi. Kisha protini nyingine hukishika mkononi, mfano wa karani mwenye kumbukumbu, na kupita akikilinganisha na kila nakala anayokutana nayo. Akikuta nakala ambayo herufi zake zinalingana na za kikaratasi, huikata au huizuia isisomwe. Kitabu kikuu hakikuguswa, lakini kazi imesimama. Kikaratasi kikiondolewa kesho, kazi itaanza tena. Wataalamu huziita RNA ndogo za kuongoza, na hilo ni jina la haki.

Mambo haya yalijulikana vipi? Kwa bahati, na kwa ua la bustani. Mwaka 1990 wataalamu wa Marekani waliandika habari za ua liitwalo petunia. Walilitia nakala moja zaidi ya agizo la rangi ya zambarau, wakitumaini rangi itakolea. Maua mengine yakatoka meupe kabisa, na mengine yenye mabaka. Agizo lililoongezwa lilikuwa limenyamazisha hata lile la asili! Mwaka 1993 Victor Ambros na Gary Ruvkun, Wamarekani, walieleza juu ya RNA ndogo katika mnyoo wa udongo wenye urefu wa milimita 1, nao walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2024. Wenzao Andrew Fire na Craig Mello walionyesha mwaka 1998 jinsi uzi wa RNA wenye nyuzi mbili unavyonyamazisha agizo; wao walipata tuzo hiyo mwaka 2006. Na mwaka 1999, huko Uingereza, Andrew Hamilton na David Baulcombe walizikuta RNA ndogo hizo katika mimea.

Haya, turudi kwa miti yetu ya koni, maana kwao jambo hili lina sura ya peke yake.

Mwaka 2013 wataalamu, wengi wao wa Sweden, walitangaza kwamba wamekisoma kitabu cha mti wa koni wa Ulaya uitwao sprusi ya Norway. Kitabu hicho kina herufi bilioni 20 hivi. Cha binadamu kina bilioni 3. Je, mti unahitaji maagizo mengi kuliko mtu? La. Maagizo yenyewe yalihesabiwa kuwa 28,000 hivi, si zaidi sana ya yale ya mmea mdogo wa magugu. Sehemu kubwa iliyobaki ni maandishi yanayojirudia, vipande vyenye tabia ya kujinakili na kujibandika mahali pengine katika kitabu, kama sangari inavyotambaa shambani ukiiacha.

Mimea mingine, kwa mfano mahindi, ina vikaratasi vingi vya herufi 24 ambavyo kazi yake ni kuvifunga vipande hivyo visiamke. Mwaka 2008 wataalamu wa Canada waliandika kwamba katika majani na matawi ya miti ya koni vikaratasi vya herufi 24 ni haba sana. Watu wakauliza: je, jamaa hii haina palizi kabisa? Waliosoma kitabu cha sprusi mwaka 2013 walivikuta vikaratasi hivyo, lakini zaidi katika sehemu za uzazi. Kwa hiyo mti wa koni huweka ulinzi wake hasa pale unapotengeneza kizazi kingine. Walifikiri kwamba kitabu kilinenepa hivyo kwa sababu magugu yalikusanyika polepole kwa mamilioni mengi ya miaka bila kung'olewa.

Ni habari ya ajabu, na nimeiandika kwa sababu yapendeza kuijua. Yanayofuata yanakuhusu zaidi, wewe mwenye ekari zako na ada za shule za kulipa.

Jambo la ugonjwa. Mti una maagizo mengi ya kutengeneza askari, yaani protini zinazotambua ukungu au virusi vinapoingia. Kulisha askari ni gharama. Mti ukiwaweka wote macho usiku na mchana, hautakua. Kwa hiyo liko kundi la RNA ndogo, ambalo kwa namba huitwa 482, linalokata nakala za maagizo hayo ya askari ili wasizidi kiasi. Katika sprusi kundi hili ni kubwa sana, lina aina nyingi. Na huko Marekani, mwaka 2007, wataalamu walipima paini iitwayo loblolly iliyoshikwa na kutu ya shina, ugonjwa unaofanya uvimbe katika mti. Walikuta kwamba penye uvimbe RNA ndogo nyingi zilikuwa zimepungua kuliko katika shina zima. Kwa hiyo ugonjwa ukiingia, vikaratasi vya amri ndani ya mti hupangwa upya, breki hulegezwa hapa na kukazwa pale. Mti hauna miguu ya kukimbia. Hivi ndivyo unavyojitetea.

Jambo la umri. Iko RNA ndogo nyingine, namba 156, ambayo katika mimea mingi ndiyo inayoshikilia utoto. Mmea mchanga unayo nyingi, na jinsi inavyopungua ndivyo mmea unavyoingia utu uzima, ukabadili majani na kuwa tayari kuzaa. Huko Taiwan walipima mti wa koni wa California uitwao sekwoya, wakakuta kwamba machipukizi yaliyorudishwa utotoni yana namba 156 nyingi kuliko matawi ya utu uzima. Sisemi kwamba siri ya radiata na miaka yake 15 imekwisha kufumbuliwa kwa njia hiyo. Nasema kwamba umri wa mti si hesabu ya miaka tu. Ni hali iliyoandikwa kwa amri ndani ya seli, na kila tawi lina hali yake.

Wenye vitalu wanalijua jambo hili kwa mikono yao. Ukichukua kikonyo cha saipresi au paini iliyozeeka na kukitia mchangani, mara nyingi hakitoi mizizi. Ukichukua kutoka mche mdogo, hutoa. Ndiyo sababu wanaozalisha paini kwa vikonyo hukata miti-mama yake mara kwa mara iwe mifupi kama ua, ili ibaki na utoto. Mtu asikuuzie fimbo ya mti mkubwa akikuambia kwamba itashika kwa sababu "mama yake ni hodari." Mama ni hodari, lakini fimbo ni mzee.

Jambo la tatu ndilo lililonifanya niandike somo hili. Wataalamu wa misitu wa Norway walikuwa na sprusi za kaskazini, penye baridi kali. Walizipeleka mama kusini, penye joto zaidi, ili zizae mbegu kwa wingi. Mbegu zilizozaliwa huko zilitoa miche iliyotenda kama miche ya kusini: ilichelewa kufunga machipukizi kabla ya baridi. Baba na mama ni wale wale wa kaskazini! Walipochunguza zaidi waliona kwamba joto la wakati kiinitete kinapoumbwa ndani ya mbegu huacha kumbukumbu katika mti, nayo hudumu kwa miaka mingi. Mwaka 2010 walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba RNA ndogo kadhaa ni tofauti kati ya miche iliyoumbwa katika joto na ile iliyoumbwa katika baridi. Tena ni ndugu wa wazazi wale wale.

Hilo lilipimwa kwa sprusi ya Norway, si kwa saipresi ya Iveti, na sitaki mtu aseme nimemwambia zaidi ya hapo. Lakini mwenye akili ataona kwa nini maofisa wa misitu hawaridhiki kuambiwa "ni mbegu ya saipresi." Huuliza: ya wapi? Ya mwaka gani? Ya miti mingapi? Mbegu iliyokusanywa kutoka mti mmoja uliosimama peke yake shuleni au kanisani ni mbaya kwa sababu nyingine pia: mti huo umejizalisha wenyewe kwa wenyewe, na wana wake wengi huwa dhaifu. Nunua mbegu au miche ambayo asili yake imeandikwa. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, ina kituo cha mbegu Muguga, na kila mfuko wake una maelezo. Kama wenye mashamba kumi wa skimu moja wataagiza pamoja, bei ya safari itagawanyika.

Sasa nijibu swali la mtu wetu mwenye matawi yaliyokauka, maana nimemweka mlangoni muda mrefu. Kabla ya kulaumu mbegu au RNA, ndugu yangu, funua matawi utazame. Je, kuna vidukari, wadudu wadogo wa kahawia, wamejipanga juu ya kijiti? Je, matawi yana utomvu mtamu unaonata na masizi meusi, na siafu au chungu wanapanda na kushuka? Huyo ni kidukari wa saipresi, aliyefika Malawi mwaka 1986 na Kenya mwaka 1990, akaharibu saipresi na mitarakwa pia. Nyigu mdogo anayemuua aliletwa kutoka Uingereza akaachiliwa Malawi mwaka 1994, kisha akaletwa na kwetu. Ukinyunyiza dawa kali ovyo unamuua nyigu huyo pamoja na adui yake. Kata matawi yaliyokufa, choma, na usipande ua wa saipresi mahali pa joto na ukavu ambapo mti umedhoofika tangu siku ya kwanza. Kama badala ya vidukari unaona gome limepasuka na linatoa utomvu, hilo ni donda la saipresi, ugonjwa wa ukungu. Ndio uliotufanya tuiache saipresi ya aina nyingine, makrokapa, na kuchukua hii tuliyo nayo.

Na msichukue vijiti vya miti kutoka mbali bila ruhusa. Kidukari mwenye sufu, yule anayefanya paini ionekane kama imemwagiwa pamba, aliingia Kenya mwaka 1968 pamoja na vikonyo vya kupandikiza vilivyotoka Australia.

Wengine watauliza: kama vikaratasi hivi vyajulikana, kwa nini tusiviandike sisi wenyewe? Vimekwisha kuandikwa. Katika Marekani, mwishoni mwa mwaka 2023, serikali ilisajili dawa ya RNA ya kunyunyizia viazi. Mdudu akiila, agizo moja muhimu ndani yake hunyamazishwa. Katika New Zealand, ambako radiata ni mti mkuu, wataalamu wamejaribu njia kama hiyo dhidi ya Dothistroma, adui yule yule wa habari yetu. Na hapa kwetu KALRO pamoja na wenzake wa Uganda na Marekani wametengeneza muhogo unaojiandikia vikaratasi vya kukata virusi vya michirizi ya kahawia, na mwaka 2021 Mamlaka ya Usalama wa Viumbe Hai iliruhusu ujaribiwe katika mashamba ya majaribio nchini. Mtu akikujia sokoni na chupa akisema ni dawa ya RNA ya kuponya paini, mwombe akuonyeshe usajili wa serikali. Kama hana, mwache aende na chupa yake.

Mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutegemewa zaidi kwetu Machakos kwa kupanda miti, kwa hiyo mashimo yachimbwe Septemba ili udongo upigwe na jua. Kwa paini, tia katika kitalu udongo kidogo uliotoka chini ya paini kubwa zenye afya; mna ukungu mwema unaoshikana na mizizi, na bila huo mche hudumaa na kuwa wa manjano. Siku ya kupanda, chukua karatasi uandike jina la mti, mahali mbegu ilipotoka, mwaka wa mbegu na tarehe, kisha uiweke pamoja na hati zako za shamba. Ofisa wa misitu akija kutazama mti mgonjwa, karatasi hiyo ndiyo atakayoiomba kwanza.